Nani hasa aliyeyaua matangazo ya nyumba magazetini: intaneti, madalali au magazeti yenyewe?

Sindano_na_Uzi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mtu anaimba kwamba intaneti ndiyo iliyoyaua matangazo ya nyumba magazetini. Nabisha. Madalali waliondoka na mali yao, intaneti ilikuwa gari la kuhamia tu.

Angalieni nani aliyejenga. Hemnet ya Uswidi, mwaka 1998, ilianzishwa na madalali. Rightmove ya Uingereza, mwaka 2000, ilianzishwa na kampuni nne zenye ofisi za uwakala wa nyumba. Marekani madalali walikuwa wakibadilishana orodha za nyumba tangu mwishoni mwa karne ya 19, maana yake data ilikuwa mkononi mwao miaka yote. Gazeti lilikuwa linapewa kipande: mistari minne na namba ya simu. Walipopata pa kuibandika orodha nzima, gazeti likabaki na wino wake.

Anayepinga alete hoja, si mihemko.

Mistari14

Mleta uzi umeruka bei, na bei ndiyo kila kitu.

Tangazo dogo la gazeti lilikuwa linauzwa kwa mstari. Kipimo cha kale cha Marekani ni agati: herufi za pointi 5.5, mistari 14 kwenye inchi moja ya safu. Chukua safu inayobeba herufi 28 kwa mstari. Tangazo la mistari minne ni herufi 112, nafasi na nukta zikiwemo, na namba ya simu inakula kumi na kitu. Neno moja likivukia mstari wa tano, unalipia mstari mzima. Ndiyo maana watu walikuwa wanaandika "vy 3, bf 2, jk kub, gar" (vyumba 3, bafu 2, jiko kubwa, gereji) kama wanatuma simu ya maandishi ya posta. Lugha ile haikuwa ubunifu wa mtu, ilikuwa bili.

Halafu unalipa tena kesho. Na keshokutwa.

Ongeza muda wa kufunga kurasa. Toleo la nyumba la mwisho wa wiki linafungwa katikati ya wiki. Mwenye nyumba akishusha bei Alhamisi, gazeti la Jumamosi linatoka na bei ya zamani. Nyumba ikiuzwa Ijumaa, simu zinaita Jumapili nzima kwa kitu ambacho hakipo. Mtandaoni unabadilisha namba moja, dakika chache mambo yamekwisha.

Kichujio

Nakazia hapo kwa Mistari14, ila bei ya mstari ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kutafuta. Gazeti linapangwa kwa njia moja tu, mara nyingi kwa eneo. Ukitaka vyumba vinne chini ya kiasi fulani katika maeneo matatu, unashika kalamu nyekundu na kusoma kila kitu. Kwenye hifadhidata unachuja.

Na hapa ndipo waliotoka gazetini wanapojikwaa mpaka leo. Mfano wa wazi: bei ya 299,999. Kwenye karatasi ilikuwa na mantiki, jicho linaona 2 mwanzoni. Kwenye tovuti vichujio vina ngazi, tuseme 250,000, 275,000, 300,000, 325,000. Nyumba ya 300,000 kamili inatokea kwa anayetafuta "hadi 300,000" na pia kwa anayetafuta "kuanzia 300,000". Ile ya 299,999 inatokea kwa wa kwanza tu. Umepunguza 1, umepoteza kundi zima la wanunuzi, tena lile lenye pesa zaidi.

La pili ni sehemu zilizoachwa wazi. Mtu anaandika "mita za mraba 140" ndani ya maelezo lakini sehemu ya ukubwa haijazi. Anayechuja kwa ukubwa hataiona hiyo nyumba kamwe, kwa sababu kichujio hakisomi insha yako. Ukubwa, idadi ya vyumba, aina ya jengo, mwaka wa kujengwa: jaza kwanza hivyo, ndipo uandike mashairi.

Mpima_Wino

Mnazungumza maandishi kana kwamba picha hazikuwepo. Wacha niwaeleze picha ya gazeti ilikuwa kitu gani.

Karatasi ya gazeti inanyonya wino kama kitambaa. Picha inavunjwa kuwa vitone, mistari 85 hadi 100 ya vitone kwa inchi, na kila kitone kinavimba kikigusa karatasi. Kijivu cha asilimia 50 kwenye filamu kinaweza kutoka karibu asilimia 80 kwenye ukurasa. Ukuta wa matofali mekundu unageuka mkaa, kivuli cha baraza kinakuwa shimo. Fundi mzuri alikuwa anaing'arisha picha kwenye rangi za kati, zisizo nyeusi wala nyeupe, mpaka kwenye meza ionekane imepauka, ili ikitoka mtamboni iwe sawa.

Ukubwa sasa. Picha ya safu moja yenye upana wa sentimita 4.5, ukiiandaa kwa nukta 170 kwa inchi, ni pikseli 300 na kidogo kwa upana. Basi. Hiyo ndiyo nyumba yako yote.

Kobe_wa_Ghorofani

Pikseli 300? Hiyo ni nyumba au stempu 😂

Mpima_Wino

Stempu ilikuwa na rangi, mkuu.

Dira_ya_Soko

Nawasoma kwa furaha ila wote mnakwepa kalenda.

Magazeti ya Marekani yalikuwa yanaingiza karibu dola bilioni 20 kwa matangazo madogo yote mwaka 2000. Mwaka 2010 hazikufika bilioni 6. Sasa ukigawanya kwa aina, matangazo ya kazi yalianguka mapema sana, baada ya 2001. Ya nyumba hayakuanguka wakati huo. Yaliendelea kupanda mpaka mwaka 2006, wakati tovuti za nyumba zilikuwa na miaka kumi tayari!

Kama intaneti ndiyo muuaji, ilikuwa inangoja nini? Kilichobadilika baada ya 2006 ni soko la nyumba lenyewe. Bei zilianguka, mikopo ikakauka, madalali wakafunga ofisi. Aliyeua ni mdororo.

Mistari14

Dira, hoja yako ni nzuri mpaka unapofika mwaka 2012. Soko la nyumba la Marekani likaanza kuamka, bei zikapanda tena. Matangazo yalirudi gazetini? Hayakurudi. Mdororo hauelezi kwa nini mgonjwa hakuamka wakati homa ilishashuka.

Dira_ya_Soko

Unaeleza vizuri tu. Miaka ya neema dalali alikuwa analipia kote kuwili, gazeti na tovuti, kwa sababu kamisheni zilikuwa zinatosha na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Ukata ulipofika ikabidi akate kimoja. Akakata kile chenye bili kubwa, akangoja simu zipungue. Hazikupungua. Baada ya hapo ungemshawishi vipi arudi? Hawakuhama kwa kupenda, ukata uliwasukuma, na walipofika ng'ambo wakakuta hakuna mamba.

Sindano_na_Uzi

Kwa hiyo unakubali kwamba madalali ndio walioondoka. Asante.

Dira_ya_Soko

Kuondoka kwa kufukuzwa na kuondoka na mali yako ni vitu viwili, usinichomekee.

Safu_ya_Mwisho

Nimkosoe mleta uzi kwenye historia. Si kila mahali madalali ndio waliojenga. Finn.no ya Norwei, mwaka 2000, ni kazi ya magazeti yenyewe, Schibsted pamoja na magazeti ya mikoani. Walikaa chini wakakubali kuyala matangazo yao kwa meno yao kabla mgeni hajafika. Na Australia, realestate.com.au ilianza 1995 bila gazeti, lakini kampuni ya magazeti ya Murdoch ikaingia kwenye hisa mwaka 2001. Gazeti likiwa na mwenye akili, pesa zilihama chumba tu, hazikutoka nje ya nyumba.

Kwa hiyo swali la "nani aliua" lina majibu tofauti kwa kila nchi.

Na kabla hamjasahau Wafaransa: watu kule walikuwa wanasoma matangazo madogo kwenye Minitel, kifaa chenye skrini kilichounganishwa na laini ya simu, miaka ya 1980, kabla ya wavuti kuzaliwa. Teknolojia ya kutafuta ilikuwepo sebuleni, karibu na simu. Gazeti halikufa.

Mpima_Wino

Halikufa kwa sababu skrini ya Minitel ilikuwa herufi 40 kwa mistari 25, bila picha ya maana, na huduma nyingi zilikuwa zinalipiwa kwa muda. Ukikaa unalinganisha nyumba kumi, mita inakimbia. Gazeti unalinunua mara moja na kulisoma na chai mpaka jioni. Umenisaidia kuthibitisha kwamba picha ndiyo iliyoamua.

Kichujio

Au umethibitisha kwamba bei ya kutafuta ndiyo iliyoamua. Ushahidi mmoja, mahakimu wawili.

Kifungu_na_Kanuni

Hakuna aliyegusa sheria, na nashangaa.

Marekani, sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza kuchapisha tangazo la nyumba linaloonyesha ubaguzi wa rangi, dini, asili na kadhalika. Gazeti likichapa linawajibika pamoja na aliyelipia. Kwa hiyo meza ya matangazo ilikuwa na mtu wa kusoma kila mstari na orodha ya maneno ya kukwepa. Huyo mtu analipwa mshahara.

Tovuti ina Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya 1996, kinachosema anayehifadhi maneno ya mwingine hahesabiwi kuwa mchapishaji wake. Mawakili wa haki za makazi wa Chicago waliishtaki Craigslist, tovuti ya matangazo madogo, kwa matangazo ya kupangisha yenye ubaguzi, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaipa Craigslist ushindi. Tangazo lilelile neno kwa neno: karatasini kesi, kwenye skrini hakuna. Shindana na mtu wa hivyo uone.

Kichujio

Hapo weka breki kidogo. Mwaka huohuo 2008 mahakama nyingine ya rufaa iliamua kinyume kwa Roommates.com, tovuti ya kutafuta mtu wa kuishi naye nyumba moja, kwa sababu tovuti yenyewe ilikuwa inamlazimisha mtu kuchagua jinsia na hali ya familia kwenye orodha ya kubonyeza. Ukitunga swali la kibaguzi, kinga inakuponyoka. Na mwaka 2019 Facebook ilikubali, kwenye mapatano, kuwazuia watangazaji wa nyumba kuchagua watazamaji kwa umri, jinsia au eneo la posta. Kinga ipo, ila ina matundu.

Ona pia kejeli yake: gazeti lilikuwa haliwezi hata likitaka kumficha mtu tangazo. Likishachapwa, analiona yeyote mwenye sarafu ya kulinunulia. Ubaguzi wa kimyakimya, wa kuamua nani asilione tangazo, ulikuja na skrini.

Kobe_wa_Ghorofani

Kichujio leo umechuja mpaka sheria. Mleta uzi, bado uko hai?

Sindano_na_Uzi

Nipo. Nasoma na kunoa.

Safu_ya_Mwisho

Kitu kingine cha Australia ambacho kinavuruga nadharia zote hapo juu. Kule anayelipia tangazo kwa kawaida ni mwenye nyumba, nje ya kamisheni. Uingereza dalali ndiye anayelipia usajili wake wa mwezi kwenye tovuti kutoka kwenye kamisheni yake. Matokeo yake: dalali wa Uingereza ana kila sababu ya kukata gazeti, pesa ni yake. Dalali wa Australia hana haraka, kwani ukurasa mzima wa rangi wenye nembo yake unalipiwa na mteja, na Jumamosi jirani wa mteja anauona na kumpigia yeye kuuza nyumba yake. Tangazo la nyumba lilikuwa tangazo la dalali limevaa nguo za nyumba.

Ndiyo maana kurasa zile zilidumu kule muda mrefu. Mnunuzi alikuwa ameshahama.

Mistari14

Hii ndiyo post ya uzi. Kwa hiyo anayelipa ndiye anayeamua karatasi ife lini. Bado ni bei, lakini.

Mgeni_Mlangoni

Samahani wakuu, natoka nje ya mada kidogo maana naona wajuzi wako hapa. Ofisi inahamisha matangazo yaliyokuwa yanaenda gazetini kwenda kwenye tovuti ya nyumba, kwa faili la .blm. Nyumba ni 60. Mfumo unakataa, unasema nyumba ya 42 ina sehemu pungufu, na unahesabu nyumba 61. Maelezo yamenakiliwa kutoka kwenye matangazo ya zamani. Shida ni nini?

Kichujio

Karibu. Hiyo 61 ndiyo inayokusaliti.

Faili la BLM ni maandishi matupu. Juu kuna #HEADER#, na hapo panatajwa alama mbili: ya kufunga sehemu, kwa kawaida ^, na ya kufunga nyumba nzima, kwa kawaida ~. Inafuata #DEFINITION# yenye majina ya sehemu kwa mpangilio, kisha #DATA#, mwisho #END#. Mfumo hauna akili ya kujua nyumba inaishia wapi. Unasoma mpaka ukutane na alama ya kufunga, unakata.

Sasa kama alama hiyo imejipenyeza ndani ya maelezo, nyumba moja inakatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza kina sehemu pungufu, kipande cha pili kinahesabiwa nyumba mpya. 60 inakuwa 61. Fanya hivi:

1. Fungua faili kwa kihariri cha maandishi matupu, si programu ya kuandikia barua. Ile ya barua itakubadilishia alama za kunukuu ziwe zilizopinda na kukuongezea tatizo jingine.
2. Hesabu ~ baada ya #DATA#. Zikizidi 60, mwizi yumo ndani.
3. Nenda nyumba ya 42, soma maelezo herufi kwa herufi.
4. Hesabu ^ za nyumba nzima yoyote, linganisha na za #DEFINITION#. Lazima zilingane, hata kama sehemu ni tupu.
5. Hakikisha namba iliyoandikwa kwenye Property Count ni 60.

Usitume faili lenye nyumba chache "kwa kujaribu" kwenye akaunti halisi. Kwenye mfumo wa kutuma orodha nzima, nyumba isiyomo kwenye faili inasomwa kama imeondolewa sokoni. Utajikuta umefuta ofisi.

Mpima_Wino

Na kwa kuwa unanakili kila kitu kutoka gazetini, usinakili picha. Zipigwe upya. Lenzi ya milimita 16 hadi 24 kwa kamera yenye kihisi kikubwa. Ukishuka mpaka 12, friji ya pembeni inanenepa kama kabati na mnunuzi akifika anajihisi kadanganywa. Kamera kwenye miguu mitatu, kimo cha mita 1.2 hadi 1.4, isielekee juu wala chini, vinginevyo kuta zinaanguka. Chumba chenye dirisha kubwa piga mara tatu, mwanga wa kawaida, pungufu na zaidi kwa hatua mbili, uziunganishe. Picha moja ikiwa na dirisha jeupe kama shuka, mtu anadhani unaficha kilichoko nje.

Faili za simu hubeba mahali picha ilipopigwa. Tovuti nyingi huzifuta taarifa hizo zinapopokea picha, ila usitegemee fadhila. Zifute mwenyewe, hasa kama bado kuna mtu anaishi ndani.

Mistari14

Na maelezo yaandikwe upya pia. "vy 3 bf 2 gar" haitafutiki. Hakuna anayeandika "bf" kwenye kisanduku cha kutafutia.

Dira_ya_Soko

Tukirudi kwenye mada, kuna kitu gazeti lilikuwa nacho ambacho tovuti haina: mtu asiyetafuta nyumba. Alinunua gazeti kwa ajili ya mpira, akapitia ukurasa wa nyumba, akaona kitu, akaanza kuwaza kuhama. Tovuti inamhudumia aliyekwisha kuamua. Huyo wa kwanza nani anampata sasa?

Kichujio

Mitandao ya kijamii. Picha inamtokea katikati ya vichekesho, hajaomba.

Dira_ya_Soko

Na bei ya kumfikia inapigwa mnada kila sekunde. Angalau gazeti lilikuwa na bei ukutani.

Sindano_na_Uzi

Nimenoa vya kutosha. Safu_ya_Mwisho kanipiga kwa Norwei, nakubali kipande hicho. Lakini hata Finn lazima wapelekewe nyumba na madalali. Siku madalali wakigoma kutuma, tovuti inabaki na vichujio vizuri vya kuchujia hewa. Uingereza walijaribu: OnTheMarket ilianzishwa na mawakala mwaka 2015, na wakati huo ukijiunga ulikuwa unaruhusiwa tovuti moja nyingine tu kubwa.

Safu_ya_Mwisho

Na wengi wao wakaibakiza Rightmove kuwa hiyo moja, aliyeumia ni Zoopla, mshindani wake. Ile waliyoianzisha wenyewe mwaka 2000, ikaingia soko la hisa 2006, wakawa hawawezi kuiacha hata kwa mwezi. Mali ya nani sasa, mkuu?

Kobe_wa_Ghorofani

Sindano imekatika, uzi unaendelea 😂

Mgeni_Mlangoni

Nimeipata. Nyumba ya 42, kwenye maelezo pameandikwa "~120 m²". Nimeweka "takriban mita za mraba 120", faili limepita, 60 kwa 60. Asanteni sana.

Mpima_Wino

Nani anaandika "takriban" hivyo?

Mistari14

Mtu aliyekuwa anabana mstari wa tano.